Sikio la Fundi na Sanduku la Uma

Mwalimu wa muziki alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Mama Nyuzi. Afadhali angepigiwa kelele.

"Mama, samahani eh. Piano imepatana vizuri, yenyewe kwa yenyewe haina shida. Ila yote iko chini."

"Chini vipi?"

"Chini kidogo. Hebu nibonyezee noti ya la."

Mama Nyuzi akabonyeza. Mwalimu akainua filimbi yake, akapuliza la yake ndefu juu ya la ya piano, mpaka ukumbi mzima wa shule ukajaa. Halafu akashusha filimbi, akamtazama kama mtu anayengoja mgonjwa akubali kwamba anaumwa.

"Umesikia?"

Mama Nyuzi alisikia kitu. Au alidhani amesikia kwa sababu ameambiwa. Hapo ndipo penye tabu: hakujua tena. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, ule uliojaa vipande vya waya vilivyompa jina lake, akatoa uma wa sauti. Kwa asiyeujua, ni chuma chenye meno mawili na mguu mmoja, hakiwezi kuchoma hata kiazi. Ukikigonga, kinaimba noti moja tu maisha yake yote. Wa Mama Nyuzi uliimba la. Akaugonga gotini, akausimamisha kwenye ubao wa piano, akabonyeza tena. Sauti ya uma na sauti ya piano zikalala pamoja kama shuka na godoro. Hakuna hata mkunjo.

"Uma unasema iko sawa," akasema.

"Uma unasema hivyo," mwalimu akajibu, "lakini filimbi yangu haisemi hivyo, mama. Na Ijumaa ijayo filimbi sita zitapigwa na hiyo piano, mbele ya wazazi."

Kama ingekuwa mara ya kwanza, Mama Nyuzi angeilaumu filimbi na kwenda zake. Lakini hii ilikuwa mara ya tatu. Kabla yake kulikuwa na mpiga tarumbeta wa hotelini. Kabla yake, kiongozi wa kwaya aliyezunguka zunguka wee mpaka akatema: piano iko chini. Na kote huko aliuuliza uma, na kote huko uma ulimwambia yuko sawa.

Baba yake, aliyemfundisha kazi na kumwachia uma huo, alikuwa anamwambia, "Ukigombana na mteja, muulize uma. Ukigombana na uma, nenda kalale." Basi hesabu yake ilikuwa fupi na mbaya. Uma haukosei. Watu watatu tofauti hawawezi kukosea kwa namna moja. Amebaki nani? Limebaki sikio lake. Sikio linamwambia piano na uma ni kitu kimoja, kumbe si kimoja, naye hasikii tofauti.

"Nipe mpaka keshokutwa," akamwambia mwalimu. "Nikishindwa kukupa jibu, mwite fundi mwingine. Sitakasirika."

Akafunga mkoba wake, akashuka ngazi za shule.

*

Homa ile. Ndiyo aliyoishuku. Miezi miwili nyuma alilala kitandani wiki nzima, masikio yameziba kana kwamba mtu kayajaza unga. Alipoinuka yalizibuka, naye akashukuru, akarudi kazini. Sasa akaona labda hayakuzibuka yote. Siku hiyohiyo alienda kwa daktari wa masikio, akavalishwa vitu kichwani, akaambiwa anyooshe kidole kila akisikia mlio. Akanyoosha, akanyoosha. Daktari akasema, "Kwa umri wako, uko vizuri."

Kwa umri wako! Maneno hayo alirudi nayo nyumbani kama kokoto kiatuni.

Mumewe, fundi chuma aliyestaafu, alimwekea chai mezani akakaa mbele yake na ile mikono yake mipana.

"Mbona kimya, mke wangu? Nani kakuudhi nikamshughulikie?"

"Hakuna."

"Hakuna huyo anakaa wapi?"

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo alikunywa chai akaangalia ukuta. Angemwambiaje? Tangu msichana alijitambulisha kwa masikio yake. Hakusoma sana, hakuimba vizuri, hakucheza. Alikuwa anasikia, basi. Ukimtoa hilo, anabaki mama mmoja mwenye mkoba wa waya.

Usiku aliwaza, asubuhi akapata wazo. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mtunzaji wa stoo ya vifaa vya zamani kwenye chuo cha ufundi. Kule ndani kulikuwa na makabati ya vyombo ambavyo watu wa zamani walipimia sauti, kabla ya mashine za umeme. Mama Nyuzi alishawahi kuona baadhi akavicheka. Leo alivikimbilia.

*

"Karibu, mke wa kaka," wifi akasema, akimfungulia mlango kwa goti kwa sababu mikono ilikuwa imebeba maboksi. "Leo umekumbuka kwamba una ndugu? Au mumeo kakufukuza?"

"Wifi, usinitanie. Nimekuja unipime."

"Nikupime nini, kiuno? Futi haitoshi."

"Masikio."

Wifi akaweka maboksi chini. Alimwona machoni, akaacha utani. Akavuta viti viwili katikati ya stoo, pale penye harufu ya mbao na mafuta ya mashine, akasema, "Kaa, unieleze." Mama Nyuzi akaeleza yote, mpaka daktari, mpaka ile ahadi ya keshokutwa. Alipomaliza, pua ilikuwa imemjaa.

"Sasa daktari kasema unasikia," wifi akasema.

"Kusikia hata mlango unasikia ukibishwa. Mimi nataka kujua kama nasikia *sawasawa*."

Wifi akafikiri, huku akigonga meno kwa kucha. Halafu akaenda kabati la pili, akarudi amekumbatia sanduku refu jembamba, kama jeneza la nyoka. Juu yake zilikuwa zimetandikwa nyuzi mbili, sambamba, na chini ya nyuzi rula ya shaba iliyogawanywa sehemu mia na ishirini. Chini ya uzi mmoja kulikuwa na kidaraja cha mbao cha kusogeza mbele na nyuma.

"Hiki ndicho cha zamani kuliko vyote humu," akasema. "Uzi mmoja unauacha mzima. Wa pili unaukata kwa kidaraja. Ukikata katikati, sauti inapanda ngazi nzima. Ukiacha theluthi mbili, unapata do na so. Watu walikaa wakagundua kwamba sauti zinazopatana zina hesabu safi kwenye rula. Sasa wewe utasogeza kidaraja kwa sikio, mimi nitasoma rula. Rula haijui una umri gani."

"Na nikichungulia?"

"Utachungulia wapi?" Wifi akachukua gazeti akalitandaza juu ya rula, akalibana kwa mkasi na kikombe. "Haya, nipe do na so."

Mama Nyuzi akajifuta mikono kwenye sketi. Akafumba macho. Akacharaza nyuzi zote mbili, akasogeza kidaraja, akacharaza, akasogeza. Zilikwaruzana, zikakaribiana, zikakwaruzana tena. Halafu pakatokea pale mahali alipopajua tangu utotoni, pale sauti mbili zinapoacha kubishana, chumba kikaonekana kimepanuka. Akaondoa mkono.

"Hapo."

Wifi akafunua gazeti. Akainama mpaka pua ikagusa uzi.

"Themanini," akasema.

"Ilitakiwa ngapi?"

"Themanini, we mwanamke! Theluthi mbili ya mia na ishirini ni ngapi? Nipe do na mi."

Akampa do na mi. Tisini na sita, ilivyotakiwa, ikapungua unywele. Akampa do na fa. Tisini. Wifi akamziba sikio la kushoto kwa kiganja, wakarudia. Akamziba la kulia, wakarudia. Themanini, themanini. Mwisho wifi akalirusha gazeti juu.

"Masikio haya yana nini? Yangekuwa yangu ningeyavalisha hereni za dhahabu!"

Mama Nyuzi akashusha pumzi, lakini nusu tu.

"Basi kama sikio ni zima," akasema polepole, "kwa nini piano zangu ziko chini?"

Wakatazamana. Hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Mwishowe wifi akanyoosha mkono.

"Hebu nipe huo uma."

"Wifi, uma haukosei. Baba alisema…"

"Baba yako alisema mengi, Mungu amrehemu. Nipe."

*

Sanduku la tatu la kabati lilifunguka kama la vijiko vya harusi. Ndani, kwenye kitambaa chekundu kilichopauka, zililala uma za sauti safu kwa safu, zaidi ya hamsini, kila mmoja na namba yake mguuni. Mama Nyuzi alizijua kwa kusikia habari tu. Watu wa zamani walikuwa na shida moja: walijua hii sauti iko juu ya ile, lakini hawakuweza kusema kwa *kiasi gani*. Basi mmoja wao akagundua kitu ambacho hata mtoto anaweza kukisikia. Sauti mbili zikikaribiana sana bila kufanana, hazitulii. Zinasukumana kama watu wawili kwenye kiti cha mtu mmoja, wau, wau, wau. Zikiachana zaidi, mawimbi yanaongeza mbio. Zikifanana, yanakufa. Kwa hiyo wakatengeneza sanduku zima la uma, kila mmoja ukimzidi jirani yake kwa mawimbi manne kwa sekunde. Ukitaka kujua sauti yako inakaa wapi, unaitafutia majirani.

"Hapa hata mimi ninayeimba kama chura naweza kuhesabu," wifi akasema. "Tuanze na hizi zenyewe, tusije tukamwonea mtu."

Akachukua uma wa la na jirani yake wa chini, akazigonga, akazisimamisha kwenye meza. Wau-wau-wau-wau. Kila mmoja akapiga meza kwa kidole kufuata mawimbi, macho kwenye saa ya ukutani. Vidole vyao vilienda pamoja. Manne. Sanduku lilikuwa linasema kweli.

"Sasa wako."

Wifi akagonga uma wa Mama Nyuzi, akausimamisha kando ya uma wa la wa sandukuni. Kama ni la kweli, zingelala kimya.

Wau. Wau. Wau. Wau.

Mawimbi mawili kila sekunde, bila haraka, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. Wakaujaribu na jirani wa chini. Huko nako mawili. Uma wa marehemu ulikuwa umesimama katikati kabisa, njia panda, si hapa si pale.

"Uko chini," Mama Nyuzi akasema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine.

"Uko chini, mama! Wewe ulipatanisha piano zote sawasawa na uma huu, nao uma ndio ulioshuka!" Halafu wifi akaunyanyua karibu na dirisha, akaugeuza geuza. "Lakini mbona unang'aa hivi? Hiki chuma kina miaka mingapi?"

"Alinipangusia Baba Watoto. Nilipokuwa naumwa. Aliona nimelala, akasema anataka nikiinuka nikute vitu vyangu visafi."

"Alikupangusia na nini?"

"Sikumwuliza," Mama Nyuzi akasema.

Wifi alikuwa ameshafika kwenye simu ya mezani. Alizungusha namba kwa nguvu kana kwamba anamtoboa mtu macho.

"Haloo? Kaka. Umeufanya nini uma wa mkeo?"

Sauti ya mumewe ilisikika mpaka kwenye viti. "Uma gani? Za jikoni zipo zote, nimeosha mwenyewe."

"Wa *kazi*, kaka."

"Aa, ule. Nilimpangusia tu."

"Na nini?"

"Kitambaa."

"Kaka."

"Na msasa. Lakini ule laini, wa mwisho kabisa."

"Kaka, mimi ni dada yako, nakujua."

"Sawa, sawa! Na tupa kidogo, pale kwenye panda meno yanapoungana. Kulikuwa na kutu imejikunyata mle ndani. Sasa ningeiacha? Iendelee kula chuma cha baba mkwe, mimi nimekaa naangalia, nina tupa mkononi?"

Wifi akaweka mkono juu ya simu, akageuka tayari kumpa wifi yake pole. Akamkuta Mama Nyuzi ameteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, mgongo kwenye kabati, anatikisika. Akadhani analia. Alikuwa analia, ndiyo, lakini zaidi alikuwa anacheka, kicheko kile cha tumboni kisicho na sauti, machozi yanamfikia kidevuni.

"We, unacheka nini? Mwanaume kakuharibia urithi!"

"Aharibu!" akasema akitafuta pumzi. "Angeharibu na kabati, na kitanda… Wifi, ni zima! Sikio langu ni zima! Nilikuwa naenda kuuza mkoba wangu… Mwambie aje. Mwambie aje na tupa zake."

*

Mumewe alikuja akihema, shati limefungwa vifungo kombo, begi la tupa begani. Alisimama mlangoni kama aliyeitwa na mkuu wa shule.

"Nipige," akasema.

"Kaa chini wewe," mkewe akajibu. "Ulipokuwa unaniuliza nani kaniudhi, ukamshughulikie, kumbe ulikuwa unajitafuta mwenyewe."

"Sasa mke wangu, si ungesema? Tangu jana unakunywa chai na ukuta."

Mama Nyuzi akamsogezea kiti.

Akamweleza linalotakiwa: kupunguza ncha za meno kwa tupa, kidogo kidogo, sawasawa pande zote mbili. Mzee akakunja uso. "Ngoja. Nilipunguza chuma, sauti ikashuka. Sasa nikipunguza tena, itapandaje?"

"Wewe ulikula shingoni. Shingo ikilegea, meno yanatikisika kivivu. Ukila nchani, meno yanakuwa mepesi, yanatikisika haraka."

Fundi chuma uso ukamfunguka. "Kama nyundo nzito na nyundo nyepesi! Si ungenifundisha hayo kabla sijaumwa na usafi?"

Akabana uma kwenye jiliwa la wifi, kile kibano cha chuma cha mezani, mdomo wa jiliwa kaufunga kitambaa, akapitisha tupa. Mara moja huku, mara moja kule. Alifanya kazi hiyo taratibu kuliko alivyowahi kumbeba mtoto mchanga. Wakautoa, wakaujaribu.

Wau-wau-wau. Ya haraka kuliko mwanzo.

"Umezidi kushuka!" wifi akapiga kelele. "Kaka, utaumaliza!"

Mzee akaacha tupa ikaanguka. Mama Nyuzi akaushika uma kwa kiganja chote, akatabasamu.

"Una joto. Tupa imeupasha, na mikono yenu imeongezea. Chuma cha moto huimba chini. Uacheni upoe, na sisi tupoe."

Wakauweka kwenye marumaru ya dirisha. Wifi akachemsha chai. Wakakaa watatu wakiutazama uma kama watu wanaongoja majibu wodini, na mzee akajaribu mara mbili kuugusa, mkewe akampiga kofi la mkono mara zote mbili. Ulipopoa, wakaujaribu tena.

Wau… wau…

"Unapanda," Mama Nyuzi akanong'ona.

Tupa tena, kungoja tena. Wau…… wau…… Wimbi sasa lilikuwa refu, linainuka na kuzama kama kifua cha mtu aliyelala. Tupa tena, mguso tu, mzee akiwa amebana pumzi. Wakangoja. Wifi hakuthubutu hata kumeza chai yake. Mama Nyuzi akazigonga zote mbili, wa baba yake na wa sandukuni, akazisimamisha mezani bega kwa bega, akainamisha kichwa.

Wakangoja wimbi. Halikuja. Sauti moja tu, imenyooka, ikaenda ikipungua mpaka ikaisha yenyewe.

"Ndiyo?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Kweli?"

"Niulize mara ya tatu nikupige na jiliwa."

Mzee akajitupa kwenye kiti, akajifuta jasho kwa kitambaa cha jiliwa, akapaka masizi usoni, na wifi akacheka mpaka akashika mbavu.

Mama Nyuzi yeye alikuwa ameshaivuta simu. Shuleni ikaita kwa muda, halafu mwalimu wa muziki akapokea.

"Mwalimu! Piano yako iko chini!"

"Ndiyo, mama. Ndivyo nilivyokuambia."

"Hujanielewa. Iko chini *kweli*! Yote! Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, nimeipatanisha vibaya kabisa, kila uzi!"

Mwalimu hakuwahi kumsikia fundi aliyefurahi hivyo kuharibu kazi. "Mama, uko salama?"

"Sijawahi kuwa salama hivi. Kesho asubuhi nakuja kuipandisha, na keshokutwa nairudia, maana nyuzi hazipendi kuvutwa ghafla. Mpaka Ijumaa ijayo itakuwa imetulia. Zilete filimbi zako zote sita."

"Kwa hiyo yule fundi mwingine… nilikuwa nimempata, nilitaka kumwita."

"Umwite umwambie nini? Mimi nipo."

Akaweka simu chini. Mzee akasogea, uso bado na masizi, akauliza kwa sauti ndogo ni piano ngapi alizozigusa tangu homa ile. Mama Nyuzi akaanza kuhesabu kwa vidole: shule, hoteli, kwaya, yule bibi wa ghorofani, chuo cha walimu… Vidole vyake vikaisha. Akauvuta mkono wa mumewe, ule mpana, akaendelea kuhesabia kwenye vyake.

"Na zote tunazirudia," akamwambia, "na mkoba unabeba wewe."